Mara 8.5, kisha asilimia 2.6: jinsi PHP ilivyoongezewa kasi

Miezi michache kabla ya Mei 2014, wahandisi wa kampuni ya Zend, akiwemo Dmitry Stogov, walifanya jaribio juu ya lugha ya PHP. Walitengeneza kompaila ya aina ya JIT, yaani chombo kinachoigeuza programu kuwa amri za mashine papo hapo inapoendeshwa, wakaipachika ndani ya OPcache, ile sehemu ya PHP inayohifadhi programu iliyokwisha kuchambuliwa. Kisha wakapima. Kwenye bench.php, faili la majaribio lililojaa mizunguko na mahesabu, kasi ilipanda mara 8.5. Kwenye WordPress, programu ambayo watu wanaitumia kweli kuendesha tovuti zao, ilipanda kwa asilimia 2.6.

Wangeweza kuitangaza ile namba ya kwanza, na wangepigiwa makofi. Wao wakaishika ya pili na kuanza kuuliza kwa nini. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu ya uamuzi huo. Habari ya PHP kuongezewa kasi husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa Facebook, au kama matunda ya kompaila kali. Nikiitazama kwa karibu, naona kazi ya watu waliokubali kwamba walikuwa wanatibu kiungo kisichoumwa.

Tumtazame kwanza mgonjwa. PHP ilianza kama zana ndogo ambazo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliziandika kwa lugha ya C ili kuhudumia ukurasa wake binafsi, akazitoa kwa umma Juni 1995. Zeev Suraski na Andi Gutmans, wanafunzi wa chuo cha Technion huko Haifa, waliziandika upya, na PHP 3 ikatoka 1998. Injini waliyoijenga baadaye wakaiita Zend, jina lililounganishwa kutoka Zeev na Andi, nayo ikaingia katika PHP 4 mwaka 2000. Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Ombi la ukurasa linafika kwenye seva, PHP inalisoma faili, inaligeuza kuwa orodha ya amri zake za ndani, inazitekeleza moja baada ya nyingine, inatuma ukurasa, kisha inatupa kila kitu ilichokuwa nacho mkononi. Ombi linalofuata linaanza upya kabisa. Uzuri wake ni kwamba kosa la ombi moja haliharibu jingine. Gharama yake ni kwamba kila ombi linajenga nyumba na kuibomoa.

Kwa tovuti ndogo gharama hiyo haionekani. Kwa Facebook, iliyoanza 2004 ikiwa imeandikwa kwa PHP na kufikisha watumiaji milioni 400 mwanzoni mwa 2010, ilikuwa na maana ya kununua seva juu ya seva. Kuandika tovuti nzima upya kwa lugha nyingine, huku mamia ya wahandisi wakiendelea kuibadilisha kila siku, ni kazi ambayo kampuni nyingi zimejaribu na kujuta. Mhandisi wao Haiping Zhao akaja na njia nyingine: acha watu waendelee kuandika PHP, lakini itafsiri PHP hiyo yote kuwa C++, kisha uikompaili kama programu yoyote ya C++. Kazi hiyo ilitangazwa Februari 2010 kwa jina la HipHop, na Facebook ikasema matumizi ya prosesa kwenye seva zake za wavuti yalipungua kwa wastani wa nusu hivi.

Nusu ya prosesa ni namba nzito. Lakini HipHop ilikuja na masharti yake. Faili moja la programu lililotokana na tafsiri hiyo lilizidi gigabaiti moja, na ili kulifikisha kwenye maelfu ya seva, Facebook ilitumia BitTorrent, mbinu ileile ambayo watu hugawana filamu. Baadhi ya mambo ambayo PHP inaruhusu, kama kuendesha msimbo uliotungwa wakati programu ikiwa tayari inakwenda, hayakuwezekana tena. La kuudhi zaidi, wahandisi hawakuweza kungoja ukompailishaji mrefu kila wanapobadilisha mstari mmoja, kwa hiyo wakati wa kuandika walitumia intapreta ya pembeni, yaani chombo kinachousoma na kuutekeleza msimbo moja kwa moja bila kuukompaili kwanza, na kwenye seva halisi ikaendeshwa programu iliyokompailiwa. Injini mbili, tabia mbili. Kinachofanya kazi mezani kwako kinaweza kukataa mbele ya wateja.

Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2010 Jason Evans, Keith Adams na Drew Paroski walianza kujenga HHVM, mashine pepe iliyotumia JIT: msimbo unabaki PHP, na injini inautafsiri kuwa amri za prosesa huku ikitazama ni aina gani za data zinazopita kweli. Ilipotangazwa Desemba 2011 ilikuwa bado nyuma ya HipHop kwa kasi, na haikuwa aibu kusema hivyo. Mwanzoni mwa 2013 ilikuwa imeshika nafasi yake kwenye seva za Facebook.

Hapo kisa kinatugusa hata sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili. Wikipedia zote, ile ya Kiswahili ikiwemo, zinaendeshwa na programu iitwayo MediaWiki, iliyoandikwa kwa PHP. Msomaji wa kawaida hupewa nakala ya ukurasa iliyokwisha kutayarishwa, kwa hiyo hausikii uzito wa PHP. Anayeusikia ni mhariri. Akibonyeza kuhifadhi, seva lazima iuchambue ukurasa upya, na violezo vyote vilivyomo, kabla ya kumrudishia jibu. Mwaka 2014 Wikimedia ilihamia HHVM. Muda wa wastani wa kuhifadhi ukurasa ulishuka kutoka sekunde 6 hivi hadi 3 hivi, na mzigo wa prosesa kwenye seva zake ukashuka kutoka asilimia 50 hivi hadi 10. Sekunde tatu zinaonekana kitu kidogo mpaka ukumbuke kwamba wahariri wa Wikipedia ndogo ni watu wa kujitolea, wanaofanya kazi hiyo usiku baada ya shughuli za kutwa, na kila hariri ni kungoja.

Basi picha mwanzoni mwa 2014 ilikuwa hii. Kampuni moja kubwa ilikuwa na injini yake ya PHP, yenye kasi, huria, na tovuti kubwa zilikuwa zinaanza kuikimbilia. Machi mwaka huo Facebook ikatangaza pia Hack, lugha iliyochipuka kutoka PHP. PHP yenyewe ilikuwa imepoteza miaka kadhaa katika toleo la 6, ambalo lilikusudiwa kubeba ndani kwa ndani Unicode, mfumo wa kuwakilisha herufi za lugha zote, na likaachwa 2010 kabla ya kutoka. Na walio wengi, wenye tovuti zilizopangishwa kwenye seva za pamoja kwa bei ndogo, hawakuwa na namna ya kusimika HHVM. Wanatumia kile anachowapa mwenye seva. Kwao, PHP ikibaki nzito, tovuti zao zinabaki nzito.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. HHVM ilikuwa mgeni huyo.

Turudi kwa Stogov na asilimia yake 2.6. Hakuwa mgeni katika jambo hili. Zamani aliandika Turck MMCache, moja ya zana za mwanzo za kuihifadhi PHP iliyokwisha kuchambuliwa ili isichambuliwe tena kila ombi. Safari hii yeye na wenzake walichukua chombo cha kupima kiitwacho Callgrind, wakaangalia ombi moja la WordPress linatumia wapi muda wa prosesa. Jibu likawa hivi: kama asilimia 20 inakwenda kwa msimamizi wa kumbukumbu, yule anayetenga na kurudisha vipande vya kumbukumbu, asilimia 10 kwenye majedwali ya heshi (heshi ni namba inayokokotolewa kutoka kwenye jina ili kitu kipatikane haraka), ambayo ndiyo arei za PHP, yaani orodha zake za data, asilimia 30 kwenye kazi za ndani zilizoandikwa kwa C, na asilimia 30 tu kwenye mashine pepe inayotekeleza msimbo wa mwandishi. JIT inagusa fungu hilo la mwisho peke yake. Na hata humo, msimbo uliotafsiriwa vizuri ulikuwa bado unaomba kumbukumbu ileile, mara zilezile.

Fikiria jiko ambalo kila chumvi, kila kitunguu, kila kijiko cha mafuta kinafuatwa dukani na kijana wa kutumwa. Ukimwajiri mpishi mwenye mkono mwepesi kuliko wote mjini, chakula hakitawahi, kwa sababu mpishi anakaa akimngoja kijana. Prosesa za leo ni wapishi wa namna hiyo. Hesabu zinamalizika kwa chembe ndogo mno ya sekunde. Kinachochukua muda ni kufuata data kwenye kumbukumbu kuu pale inapokosekana katika akiba ndogo iliyo ndani ya prosesa. PHP 5, toleo lililokuwa likitumika wakati huo, ilikuwa inamtuma kijana dukani bila kupumzika.

Uone kwa mfano mmoja. Umeandika $umri = 30. Katika PHP 5, jina hilo lilishika kielekezi tu, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, na kielekezi kikakupeleka kwenye kisanduku kilichotengwa mahali pengine kwenye kumbukumbu. Kisanduku kilikuwa na baiti 24 kwenye mashine za biti 64. Juu yake ziliongezwa baiti 8 za mfumo wa kukusanya taka, na msimamizi wa kumbukumbu akachukua 16 zake za kukumbuka kwamba kisanduku hicho kipo. Jumla 48, kwa namba inayohitaji 8. Kisha kisanduku kilibeba hesabu ya wangapi wanaokitumia, na kila thamani ilipopitishwa kutoka mkono huu hadi ule, hesabu hiyo ilipandishwa na kushushwa, hata kwa namba 30 ambayo ingekuwa rahisi zaidi kuinakili tu.

Arei ndiyo ilikuwa kidonda kikubwa, maana mwandishi wa PHP hutumia arei kwa kila kitu. Kila kitu kimoja ndani ya arei kilikuwa na ndoo yake ya baiti 72, iliyotengwa peke yake, ikafungwa kwa vielekezi na ndoo za kabla na baada yake. Ukijumlisha ndoo, kisanduku, kielekezi na gharama za msimamizi, kitu kimoja kilikula baiti 144. Arei ya namba 100,000 ilifika kama megabaiti 14. Na kwa kuwa ndoo zilitawanyika huku na huko, kuipitia arei mwanzo hadi mwisho kulikuwa safari 100,000 za dukani, kila moja kwa njia yake.

Hapo wakaamua kuiweka JIT kando. Waliandika baadaye kwamba ulikuwa uamuzi mgumu sana, kwa sababu walilazimika kuubomoa msingi wa injini bila kujua kama kungekuwa na faida yoyote mwishoni. Ukibadilisha umbo la kisanduku, umebadilisha kila mstari wa C unaokigusa, na karibu kila mstari ndani ya PHP unakigusa. Kwa wiki mbili hivi programu haikukompailika kabisa. Zilipita wiki nyingine mbili kabla bench.php haijaweza kukimbia. Stogov alifanya kazi hiyo pamoja na Xinchen Hui kutoka China na Nikita Popov, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Berlin. Nakala hiyo ya PHP waliyoifanyia kazi pembeni waliiita phpng.

Walichokifanya kinasemeka kwa ufupi ingawa kilikuwa kigumu kukitenda. Kisanduku kilipunguzwa kuwa baiti 16 na kuwekwa palepale kinapohitajika, bila kielekezi cha kukifuata mbali: baiti 8 za thamani, 4 za aina, na 4 zilizobaki anaachiwa yule aliyekibeba azitumie anavyotaka. Hesabu ya watumiaji ilitolewa kwenye kisanduku ikahamia kwenye vitu vizito vyenyewe, yaani stringi (vipande vya maandishi), arei na obujekti (vifurushi vya data na kazi zake). Namba na kweli au uongo havihesabiwi tena, vinanakiliwa. Ndoo za arei zilipungua kutoka baiti 72 hadi 32, na zote zikapangwa katika kipande kimoja cha kumbukumbu, kwa mfuatano ule ule zilivyoingizwa. Ile arei ya namba 100,000 ikashuka hadi megabaiti 4. Stringi nazo zikabeba ndani yake urefu wake na namba yake ya heshi, ili jina lililokwisha kukokotolewa lisikokotolewe tena. Msimamizi wa kumbukumbu mwenyewe akaandikwa upya.

Zile baiti 4 zilizobaki kwenye kisanduku ndizo zinazonifurahisha kuliko vyote. Ndani ya arei, ndoo inazitumia kuweka namba ya ndoo inayofuata yenye heshi iliyogongana nayo. Nafasi ambayo ingekaa tupu kwa sababu za mpangilio wa kumbukumbu ikapewa kazi, na ndoo ikabaki 32, saizi ambayo mbili zake zinaenea sawasawa katika mstari mmoja wa akiba ya prosesa.

Tangazo la kwanza Mei 2014 lilizungumzia ongezeko la asilimia 10 hadi 30 kwenye programu halisi. Laiti wangeishia hapo, HHVM ingebaki mbele sana. Lakini msingi ulikuwa umenyooka, na kila walipopima tena waliona jambo jingine dogo la kupunguza. Mwaka mzima uliofuata ulikwenda hivyo, asilimia mbili hapa, moja pale. Ombi moja la ukurasa wa WordPress, ambalo katika PHP 5.6 lilihitaji karibu amri milioni 100 za prosesa, likafika milioni 25.

Hasara zilikuwepo, na ni haki kuzitaja. Viendelezi, yaani programu za ziada zilizoandikwa kwa C ili kuiongezea PHP uwezo, vililazimika kurekebishwa, na kwa miezi kadhaa kulikuwa na watu waliotamani kasi hiyo lakini kiendelezi kimoja wanachokitegemea hakijawa tayari. Toleo jipya lililozaliwa na phpng liliondoa pia kazi za zamani za kuunganisha hifadhidata ya MySQL, zile zinazoanza na mysql_, ambazo watu walikuwa wameonywa kwa miaka wasizitumie. Hilo halikuhusu kasi, lakini kwa aliyerithi tovuti ya zamani iliyoandikwa na mtu asiyepatikana tena, ndilo lililomchelewesha kuhama. Kulikuwa hata na kura kuhusu jina: 58 walitaka liitwe 7, 24 walitaka 6. Nadhani walioshinda walifanya vyema. Namba 6 ilikuwa imekwisha kuchoshwa na toleo lililokufa.

PHP 7.0 ilitoka tarehe 3 Desemba 2015. Kampuni ya Badoo, iliyokuwa na mamia ya seva za programu, ilieleza 2016 kwamba kuhama kuliiokolea dola milioni moja. Lakini ninaowafikiria zaidi mimi ni wale wasioandika ripoti. Mwenye gazeti dogo la mtandaoni au tovuti ya shule, aliyepangisha nafasi kwenye seva ya pamoja, hakuandika mstari mmoja mpya wa msimbo. Mwenye seva alipoweka PHP 7, au yeye mwenyewe alipochagua toleo jipya kwenye paneli, kurasa zake zilitayarishwa kwa takriban nusu ya muda. HHVM haikuweza kumfikia mtu huyo. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo linaloipa phpng uzito kuliko HipHop, ingawa HipHop ilikuwa kazi ya kijasiri zaidi kuitazama.

Kwa HHVM mambo yaligeuka. Septemba 2017 Facebook ilisema itaielekeza kwenye Hack na kuacha kuifuata PHP, toleo 3.30 la Desemba 2018 likawa la mwisho kuielewa PHP. Wikimedia, waliokuwa wamehama miaka minne tu kabla, wakalazimika kuhama tena, na 2019 wakawa kwenye PHP 7. Siwalaumu. Mwaka 2014 uchaguzi wao ulikuwa sahihi kwa kila kipimo walichokuwa nacho, na wahariri walipata sekunde zao. Na bila tishio la tovuti kama hizo kuondoka, sidhani kama kuna mtu angewaruhusu wahandisi watatu kubomoa injini inayofanya kazi.

Ile JIT iliyowekwa kando haikutupwa. Stogov aliirudia, akaiandika kwa njia nyingine, na iliingia katika PHP 8.0 tarehe 26 Novemba 2020. Kwenye majaribio ya kutungwa, kasi ilipanda kama mara tatu. Kwenye baadhi ya programu zinazokaa zikiendeshwa kwa muda mrefu, mara 1.5 hadi 2. Kwenye programu za kawaida za wavuti, waliandika wenyewe wakati wa kuitoa, kasi ni sawa na ya PHP 7.4. Ndiyo hesabu ya 2014 imejirudia, na safari hii ilitangazwa kwa uwazi siku ileile ya uzinduzi. Katika mipangilio ya kawaida ya PHP 8.0, kumbukumbu iliyotengewa JIT ni sifuri: imo ndani, imezimwa, na mwenye kazi ya mahesabu mazito ndiye anayeiwasha.